Mcheza Kwao Hutunzwa: Uwanja wa Ngoma na Malezi ya Watoto wa Ujiji

Aghalabu Ujiji ukitajwa, fikira za watu huenda kwenye mwembe ambao husemwa kwamba Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871, kana kwamba mji ulizaliwa siku ya mkutano ule na kufa wageni wale walipoondoka. Mji ulikuwapo kabla yao, na baada yao umeendelea kuishi kwa mambo yake wenyewe. Na miongoni mwa mambo hayo ngoma ina nafasi kubwa, ijapokuwa waandishi wengi wa historia wameipita kwa haraka, wakiihesabu kuwa ni mchezo wa kupumzikia baada ya kazi. Nataka kuieleza hapa kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa malezi: jinsi uwanja wa ngoma, katika Ujiji na katika pwani ya Ziwa Tanganyika iliyo jirani yake, ulivyokuwa chuo ambamo mtoto alifunzwa kusimama, kungoja, kuitikia, kupokea na kushukuru, kabla hajasifiwa kwa wepesi wa miguu yake.

Kwanza yafaa tuujue mji wenyewe. Burton na Speke walipofika mwezi wa Februari 1858 walifikia Kawele, kimojawapo cha vijiji vilivyokusanyika ufukweni kwa jina la Ujiji, wakakuta soko lililowakutanisha watu wa kila upande: chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese, samaki, nafaka, pembe za ndovu, na, kwa masikitiko ya historia yetu, watu wenyewe waliouzwa na kununuliwa. Wenye ardhi walikuwa Waha, na wale wa ufukweni miongoni mwao waliitwa Wajiji. Kaskazini walikaa Warundi, ng'ambo ya maji Wabembe na jamaa zao. Na kutoka Unguja na Mrima walikuja Waarabu na Waswahili, wakajenga nyumba zao na kuleta dini, mavazi na lugha. Katika nusu ya pili ya karne ile, misafara ya wafanyabiashara kina Tippu Tip na Rumaliza ilipopenya hadi Nyangwe na Kasongo, likaja kundi ambalo hatimaye ndilo lililoupa mji sura yake, nao ni Wamanyema: watu wa makabila mengi ya mashariki ya Kongo waliokusanywa chini ya jina moja, baadhi yao wakiwa wapagazi na askari huru, wengi wao wakiwa watumwa, au wana wa watumwa, waliokatwa na koo zao wasijue kaburi la babu lilipo.

Hali hii ndiyo iliyoipa ngoma ya Ujiji uzito wake. Mtu aliyepoteza ukoo hana wa kumwozesha, wala wa kumwuguza, wala wa kumzika, naye hana budi kujitafutia ndugu wengine. Na katika miji ya Waswahili, kutoka Lamu hadi Kilwa na kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ndugu hao walipatikana msikitini, katika tarika, kwa masomo na makungwi waliowafunda vijana, na katika vyama vya ngoma. Tena mtu huyo alikuwa akitazamwa. Utumwa haukuondolewa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922, na hata baada ya sheria hiyo macho ya watu yaliendelea kupima nani ni muungwana na nani siye. Kwa hivyo mama wa Kimanyema aliyempeleka bintiye ngomani akiwa ameogeshwa, amesukwa, amefungwa kanga safi na kuusiwa namna ya kuwaamkia wakubwa, alikuwa akifanya jambo kubwa kuliko kumpeleka mtoto kucheza: alikuwa akiudai uungwana wa kizazi chake mbele ya mji mzima, na hoja yake ilikuwa mwenendo wa mtoto yule.

Mafunzo yenyewe yalitoka katika chemchemi mbalimbali, na ya kwanza ni ile ya wenyeji. Katika Buha, kama katika Burundi na nchi nyingine za wafalme wa maziwa makuu, ngoma ilikuwa na uhusiano na ufalme. Haikupigwa na yeyote wala wakati wowote, na Mwami, yaani mfalme, na ngoma zake walitajwa kwa pumzi moja. Upande wa Burundi mila hiyo imehifadhika hata ikaingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wapigaji hujipanga nusu duara, ngoma moja ikiwa katikati ili kuwaongoza wote, wengine wakishika pigo lisilobadilika na wengine wakilifuata pigo la kiongozi. Mmoja mmoja hutoka, akacheza mbele ya ngoma ya katikati, kisha akarudi mahali pake ili mwenziwe naye atoke. Maarifa hayo hurithishwa kwa vitendo, mkubwa akipiga na mdogo akitazama. Mtoto aliyelelewa kando ya ngoma za namna hii hujifunza mapema kwamba anayeshika pigo lisilobadilika ana kazi kubwa sawa na anayeruka mbele ya watu, na kwamba zamu ya mtu haiji kwa kusukumana.

Chemchemi ya pili ni chuo cha Kurani pamoja na maulidi. Uislamu ulipokwisha kukaa Ujiji, na hasa tarika ya Kadiria ilipoenea huko na katika miji mingine ya bara, zikri na maulidi yakawa sehemu ya maisha ya mji. Sijui kama wako walimu wa mwendo wa mwili waliokuwa wakali kuliko walimu wa dufu. Watoto huketi au hupiga magoti safu kwa safu, bega kwa bega, wakaitikia kasida na kuyumba pamoja kulia na kushoto, mikono ikiinuka na kushuka kwa kipimo kimoja, na anayetaka kuonekana peke yake huiharibu safu nzima. Huingia na udhu, viatu vikiachwa mlangoni; hawanyanyuki mpaka mwalimu anyanyuke; na sinia likiletwa, mdogo hangojei kuambiwa kwamba mkono wa mkubwa hutangulia. Wako masheikh waliozikataza ngoma za mitaani na kuziita upuuzi, na wako waliolikataza hata dufu. Lakini kwa mtazamo wa malezi, mtoto aliyetoka katika safu ya maulidi Ijumaa na kuingia katika duara ya ngoma Jumamosi alikuwa akiutumia mwili uleule uliozoezwa staha ileile.

Chemchemi ya tatu ilikuwa ya wanawake. Lelemama, ngoma iliyokuwa fahari ya mabibi wa pwani na kusafiri nao barani, ni mfano wa ustadi unaotegemea kujizuia: wachezaji husimama mstari mmoja wakiwa wamevaa sare, miguu haifanyi papara, na uzuri wote umo mikononi, mabegani na katika namna ya kugeuza shingo. Nyuma ya mabibi hao daima palikuwa na vibinti waliowatazama na kuwaiga uani. Msichana alipokaribia kuvunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, na yale aliyofunzwa faraghani ni amana ya wanawake ambayo mwandishi hana ruhusa ya kuianika. Latosha kusema kwamba ngoma ilikuwa lugha ya mafunzo hayo, na kwamba somo alibaki kuwa mama wa pili maisha yote, akiulizwa habari za ndoa ya mwari wake na kualikwa katika uzazi wake. Hivyo ndivyo mwanamke asiye na shangazi wa damu alivyompatia mwanawe shangazi.

Kisha ukaja wakati wa reli na vita. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya kukata zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na bandari ya hapo ikaanza kuuzidi mji mkongwe wa Ujiji kwa shughuli za serikali. Mwaka uliofuata meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo leo twaiita Liemba, ikashushwa majini. Mwezi wa Julai 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma, wakaishika hadi mwaka 1921 walipowakabidhi Waingereza. Katika misukosuko hiyo askari, wapagazi, makarani na mabaharia walikuwa wakipita huku na huko, nao walisafiri na beni. Ngoma hii ilianza katika Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za tarumbeta na kwata za majeshi. Katika Tanganyika ikagawanyika katika vyama viwili mashuhuri, Marini na Arinoti, na kwa njia ya vita ikaenea mpaka Kongo, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali, makapteni na mabibi wenye vyeo. Kilikuwa na sare, mchango na faini. Kilimpokea mwanachama mgeni kituoni, kikamwuguza akiugua na kumzika akifa.

Watawala waliitazama beni kwa wasiwasi, wakidhani kuna siri ya kisiasa nyuma ya mavazi yale. Waadilifu wa mji nao waliilaumu kwa matumizi ya fahari yasiyo na kiasi. Lawama hiyo ya pili ilikuwa na haki ndani yake, maana vyama vilishindana kwa karamu, na mashindano yaliweza kumwacha mtu na deni na mji na fitina. Ujiji wenyewe ulionja uchungu wa ushindani wa vyama: mwaka 1932 vyama vilivyokuwa vikihasimiana mjini humo viligombana hata mgogoro ule ukaandikwa katika historia kwa jina la vita, na wanawake walikuwa na mkono mkubwa ndani yake. Watoto walikuwa wakiyaona yote, mazuri na mabaya. Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo sana mwisho wake ni kupasuka, na wenye hekima waliwausia vijana wao kwamba kumshinda mwenzio uwanjani ni halali, ila kumdhili ni haramu, kwa kuwa kesho mtakutana kisimani na keshokutwa mtaozeshana.

Lakini ngoma ambayo watoto waliweza kuiita yao hasa ilikuwa ile ya mbalamwezi, na hapa ziwa lenyewe lilikuwa mpanga ratiba. Uvuvi wa dagaa katika Tanganyika hutegemea giza: zamani kwa mienge ya moto, baadaye kwa karabai, wavuvi huwasha nuru juu ya maji, dagaa huifuata, na nyavu huwainua. Mwezi unapopevuka, nuru ya taa hushindwa na nuru ya mbingu, dagaa hutawanyika, na kwa siku kadhaa mitumbwi hulazwa mchangani, nyavu zikishonwa na kukaushwa. Basi siku ambazo usiku ni mweupe na watoto wanaweza kuonana nyuso uwanjani ndizo hizohizo ambazo baba, wajomba na kaka wamo nyumbani, wana nafasi ya kutazama, kusahihisha pigo, kumwonyesha mwana namna ya kuipasha ngoma moto ngozi ikaze bila kuungua. Husemwa kwamba ngoma ya watoto haikeshi, na watu huitumia methali hiyo kudharau shughuli za wadogo. Hata hivyo katika malezi ya zamani maneno hayo yalikuwa kanuni ya huruma pia, maana mkubwa alikuwa na wajibu wa kuivunja ngoma mapema, watoto wakalale, na uwanja ukabaki wa watu wazima.

Katika uwanja huo zilikuwako taratibu ambazo hazikuandikwa popote, nazo zilishikwa kuliko nyingi zilizoandikwa. Mtoto hakuigusa ngoma bila idhini ya mwenyewe, wala hakuiruka wala kuikalia. Hakuingia katikati ya duara kabla ya kupewa ishara na manju, kiongozi wa nyimbo, na alipoingia alianza kwa kuinama kidogo kuelekea kwa wapigaji, kwa sababu bila mkono wa sogora mguu wa mchezaji hauna la kusema. Aliyekosea hatua hakuchekwa na wakubwa. Alirudishwa mstarini, akawekwa karibu na aliyejua. Mgeni aliyetoka mtaa mwingine alikaribishwa mbele. Na mtazamaji alipofurahi akatoka kumtunza mchezaji, akimwekea sarafu mkononi au kipajini, mtoto alipokea kwa mikono miwili, akaipeleka tuzo kwa kiongozi au kwa mama, na kilichopatikana kikagawanywa, mpigaji akipata fungu lake. Hapo ndipo ilipo maana iliyo kamili ya msemo wa kwamba mcheza kwao hutunzwa: anayetunza na anayetunzwa ni watu wa kwao, na heshima hupita kati yao pande zote mbili.

Haitakuwa insafu kuzisifu siku hizo kana kwamba hazikuwa na kasoro. Adabu ilitumiwa mara nyingine kuwanyamazisha waliokuwa na haki ya kusema. Fimbo ilichukua mahali pa maelezo. Na mtoto wa mnyonge aliweza kuwekwa nyuma ya safu kwa sababu ya nasaba yake, ingawa mwendo wake ulikuwa bora kuliko wa wote. Kadhalika, wako wasichana walioingizwa katika ngoma na mafunzo ya watu wazima kabla ya wakati wao, na jambo hilo halitetewi kwa jina la mila. Lakini kasoro hizi hazitokani na uwanja wa ngoma peke yake; zilikuwamo katika jamii nzima, na mara nyingi uwanja ndio uliokuwa mahali pa kwanza ambapo mnyonge alionekana na kusifiwa.

Uhuru ulipokaribia, nguvu iliyokuwa imejificha katika vyama hivi ilidhihirika. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha Bomba, aliingia chama cha TANU mwaka 1955 na kuwafikia wanawake kwa njia ya mitandao ya vikundi vya ngoma, maana humo walikuwa wamekwisha kuzoea kuchangishana, kuchaguana viongozi na kushika zamu. Mwezi wa Desemba 1962 Rais Nyerere, akilihutubia taifa lililokuwa ndiyo kwanza limekuwa Jamhuri, alisikitika kwamba vijana waliosoma walijua dansi za Kizungu na hawakuzijua ngoma za nchi, lelemama ikiwa mojawapo ya alizozitaja. Akatangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Likaundwa kundi la taifa la ngoma, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Shuleni ngoma ikaingia katika vipindi vya utamaduni, na watoto wa Kigoma, kama wa mikoa yote, wakajipanga kwa halaiki katika sikukuu za taifa.

Faida ya mabadiliko hayo ni dhahiri: ngoma iliyokuwa ikidharauliwa na wasomi ikapata hadhi, na mtoto wa Kiha akacheza ngoma ya Kimakonde bila kuona kwamba amevuka mpaka. Hasara yake haikuonekana upesi. Ngoma iliyohamishiwa jukwaani ilipunguzwa ikawa ya dakika chache mbele ya mgeni rasmi. Watoto wakafunzwa hatua wasifunzwe taratibu. Tuzo ikawa ya kiongozi aliyeketi kitini, na sogora mzee wa mtaani hakuulizwa tena. Walioliona jambo hili mapema ni wasanii walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Penina Mlama na Amandina Lihamba, ambao kwa kazi zao za sanaa za maonyesho pamoja na vijana, ukiwamo mradi wa Tuseme ulioanza mwaka 1996 kwa wasichana wa shule za sekondari, walithibitisha kwamba sanaa ya mtoto haina budi kuwa na sauti yake mwenyewe ndani yake.

Leo katika miji yetu mna vikundi na madarasa ambamo watoto hufunzwa kucheza, wengine ngoma za asili, wengine mitindo iliyotoka Kongo, ambayo kwa Kigoma ni jirani wa tangu jadi, wengine miziki ya mbali wanayoiona katika simu. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, watoto wa wakimbizi wamekua wakisikia ngoma za kwao ugenini. Sioni sababu ya kuichukia mitindo hiyo mipya, kwa kuwa beni nayo ilikuwa ngeni na ikawa yetu. Neno langu ni kwa walimu na wazazi: muuchukue urithi wa uwanja pamoja na hatua za miguu. Mtoto afike kwa wakati akiwa safi, aamkie, avue viatu panapostahili, ajue jina la anayempigia ngoma na amshukuru baada ya kucheza. Asimcheke anayejifunza. Akishindwa ampe mkono aliyeshinda, na akishinda asimtambie aliyeshindwa. Mzazi asipige kelele kumwelekeza mwanawe mbele ya mwalimu, wala asimlinganishe na mtoto wa jirani, kwani husuda nyingi za watoto hupandwa na wakubwa.

Na wakubwa nao wana adabu yao kwa mdogo, ambayo wazee wa ufukweni waliijua walipoivunja ngoma ya watoto kabla usiku haujawa mwingi, na ambayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeithibitisha kwa kumtaja mtoto kuwa mwenye haki ya kulindwa, kusoma, kupumzika na kucheza. Mwalimu asimfunze mtoto miondoko ya watu wazima kwa ajili ya kuwafurahisha watazamaji, asimguse bila haja ya mafunzo, asimcheleweshe usiku, asiichukue tuzo yake yote, na mlango wa chumba cha mazoezi uwe wazi kwa mzazi atakaye kutazama. Mkubwa anayeyashika haya ndiye anayestahili kudai shikamoo.

Mji wa Ujiji ulijengwa na watu waliokusanyika kwa biashara, kwa dini, kwa vita na kwa dhuluma, wasiokuwa na babu mmoja wala lugha moja. Walichoshirikiana kwanza kilikuwa ni namna ya kusimama pamoja: safu ya maulidi, mstari wa lelemama, nusu duara ya wapigaji, zamu ya kuingia kati na kutoka. Kwa kuwafunza watoto wao taratibu hizo, waliwapa uenyeji ambao hakuna sheria ya serikali iliyokuwa tayari kuwapa. Watoto wetu wa leo nao wanakulia katika miji ya wahamiaji, darasani wakiketi na wenzao ambao wazazi wao wametoka Kasulu, Uvira, Bujumbura na Tabora. Na kwa kuwa haja yao ya kupata mahali pa kuheshimiana ni ileile waliyokuwa nayo bibi zao, ni wajibu wetu kuwapa uwanja, mwalimu mwema, na muda wa kujifunza bila haraka.